Viti Vilivyoupa Mlango Kisogo

Mkolani nzima ilijua kwamba ukitarajia wageni wa posa, au paroko, au ndugu wa kutoka Dar mwenye kidomodomo, mtu wa kwanza kumwita si mpishi. Unamwita Wilhelmina. Alikuja na mfuko wake wa vitambaa, akasimama katikati ya sebule yako mikono kiunoni, akaikagua kama daktari anavyokagua ulimi wa mtoto, kisha akaanza kutoa amri. Kabati lisogee. Kalenda ya mwaka juzi itoke. Kochi lililotoboka ligeuzwe, na pale sponji linapochungulia patandikwe kitambaa. Ukimbishia aliondoka zake, na wageni wako wakaja kunywa soda wakiangalia sponji.

Ilikuwa enzi ya ruksa. Watu waliokuwa wamezoea kupanga foleni kwa kipande cha sabuni sasa walikuta madukani maua ya plastiki, mazulia yenye picha ya simba, na picha kubwa za nyumba zilizofunikwa na theluji. Kila sebule ya Mwanza ilitaka nyumba yake ya theluji, japo barafu pekee waliyoijua wenyewe ni ile inayomwagwa juu ya sangara. Wilhelmina alizicheka picha hizo, lakini alizitundika alipoambiwa. Riziki yake ilikuwa meza ndogo ya vitambaa vya kufuma kule Nyegezi, karibu na stendi, na pindo la kila kitambaa alilifuma kwa mtindo wake mwenyewe, vipembe vidogo vidogo kama mgongo wa sato. Hakuna mwanamke mwingine mjini aliyeuweza.

Waliosimama mezani pake aliwapa na mawaidha, wayatake wasiyatake. Rangi ya bluu hupoza chumba, kwa hiyo usiipake chumba cha watu wasiopendana. Chumba kidogo kipe pazia jepesi. Na kama kuna mlango usiotaka uonwe, usiufunge. "Mlango uliofungwa unamwita mgeni," alikuwa akisema. "Weka pazia zito, viti viupe mlango kisogo, halafu ukuta wa mbele tundika kitu cha kupendeza. Jicho la mgeni ni kuku tu, litakwenda penye punje."

Sebule yake mwenyewe ilikuwa ushahidi tosha. Ilikuwa ndogo lakini ilimtuliza kila aliyeingia, kwa makochi yake ya mninga, vitambaa vyeupe pe, ukuta wa mbele picha moja ya theluji ambayo hata yeye hakuikwepa, na upande wa nyuma pazia zito la rangi ya damu ya mzee lililogusa sakafu. Wageni walilisifu pazia lile. Hawakuuliza kilichokuwa nyuma yake, na waliojua kwamba nyuma yake kilikuwa chumba cha marehemu binti yake hawakuwa na haja ya kuuliza. Bado walimwita Mama Odeta. Aliitika, na kila alipoitika kitu kilimchoma kidogo, kisha akaendelea kufuma.

Basi Venant, mtoto wa kaka yake, alipopata mchumba aitwaye Justa, hakukuwa na ubishi kuhusu nani aende Usagara kuuona mji wa wakwe. Mambo ya ng'ombe yangezungumzwa na wanaume, lakini kabla ya ng'ombe kuna macho, na macho ya ukoo ule yalikuwa ya shangazi.

"Wewe ukisema ndiyo, nakwenda kutoa ng'ombe," kaka yake Chenge alimwambia. "Ukisema hapana, hata mguu siinui. Sikutanii, dada. Siku hizi watu wanaoza watoto wao wakiwa wamefunika mambo."

Venant mwenyewe, aliyekuwa akikata minofu kwenye kiwanda cha samaki na kunuka samaki hata siku ya Jumapili, alimsindikiza shangazi yake hadi barabarani. "Shangazi," alisema, "najua ukiingia nyumba ya mtu unaona mpaka buibui. Kwa Justa naomba uone na watu."

"Nitaona nitakachoonyeshwa," alimjibu, na jibu hilo lilikuwa la kweli kuliko alivyokusudia.

Alikwenda na wifi yake Tereza, mama wa kijana. Nyumba ya wazazi wa Justa, Yeremia na mkewe Evelina, watu wa Mara waliohamia pale njia panda kufanya biashara ya nafaka, ilikuwa hatua chache tu kutoka barabara ya kwenda kivukoni. Walipokewa vizuri. Justa alipiga magoti kuwanawisha mikono. Kulikuwa na wali, kuku, sato wa kukaanga, na soda zilizopozwa kwenye mtungi. Tereza alikula kama mtu aliyekwisha kubali. Wilhelmina alimega kidogo, na macho yake yakaanza kutembea.

Cha kwanza kilichomkera ni uzuri. Sebule ilikuwa nzuri mno. Rangi ya ukuta mmoja ilikuwa mpya, ilinuka bado, na chini ya harufu ya rangi palikuwa na harufu nyingine, ya dawa ya kuulia vijidudu. Nani anaosha sebule kwa dawa? Kalenda ilitundikwa kwenye ukuta mwingine, na kuizunguka ukapita ukanda mweupe kuliko ukuta wenyewe. Hapo, alijua mara moja, palikuwa na picha kubwa kuliko kalenda, imekaa miaka na kuondolewa juzi. Picha ya nani? Mume wa kwanza wa Justa? Mtoto?

Akainamisha macho sakafuni. Ilikuwa saruji nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa, lakini miguu ya makochi huacha alama, na alama hazikuwa chini ya makochi. Zilikuwa mbele yake. Viti vile kwa kawaida viliangalia upande mwingine. Leo vyote vilikuwa vimegeuzwa, na wageni walikaa wameupa kisogo mlango wa chumba cha ndani. Mlangoni palining'inia pazia zito, jipya. Kando ya pazia paliwekwa redio ya kaseti ikiimba kwaya kwa nguvu, na kila ilipofika mwisho wa wimbo Evelina alipaza sauti yake kuziba kimya.

Halafu akainua macho kutazama ukuta wa mbele, ule ambao viti vilimlazimisha autazame. Palitundikwa kitambaa kikubwa cha kufuma chenye maua ya njano, na pindo lake lilikuwa la mgongo wa sato.

Kitambaa chake. Mtego wake. Pazia, kisogo, punje ya kuku, vyote vilikuwa vyake, na leo kuku alikuwa yeye. Watu hawa walipata wapi kazi ya mikono yake? Walikuja kumchunguza kabla? Walijua kwamba ndiye atakayetumwa? Aliutafuta uso wa Evelina katika kumbukumbu za meza ya Nyegezi, asiupate. Wateja walikuwa wengi, na yeye hukumbuka vitambaa, hakumbuki nyuso.

Justa alipita nyuma yao na kikombe kilichofunikwa kisahani. Wilhelmina aligeuza shingo kidogo tu, kama mtu anayejinyoosha. Binti aliingia nyuma ya pazia na kikombe, akatoka mikono mitupu.

"Naomba nielekezwe uani, mama," Wilhelmina alisema.

"Karibu, mama, karibu!" Evelina alinyanyuka haraka kupita kiasi. Badala ya kumpitisha mlango wa ndani, uliokuwa karibu, alimtoa nje kwa mlango wa mbele na kumzungusha nyumba nzima kwenye jua. Walipita chini ya dirisha dogo lililozibwa kwa khanga. Wilhelmina alipunguza mwendo. Mwenyeji wake alimshika mkono, kwa upole wote, akamsogeza mbele.

Njiani wakirudi, Tereza alisifu kuku. Sifa za kuku zilimchosha Wilhelmina hata akamwuliza kwa ukali kama hakuona kitu kingine. Tereza alifikiri. "Na pilipili yao nzuri," alisema.

Jioni ile Chenge alikuja kupokea habari. "Umeona nini?"

"Nimeona sebule."

"Ikoje?"

"Nzuri mno."

Chenge hakuwa mjinga. Alimjua dada yake tangu akiwa anapanga mawe ya jiko la kuchezea na kuwafukuza wenzake walioyapanga vibaya. Neno "mno" kinywani mwake lilikuwa shitaka. "Basi niseme hapana?"

Ulimi ulimwasha kusema ndiyo, sema hapana. Nyumba ile ilificha mtu, na mtu anayefichwa siku ya posa si mtu wa heri. Huenda ni kichaa, au mwanamume, au mtoto wa Justa wa kuzaa nyumbani. Lakini alimkumbuka Venant na maneno yake ya barabarani. "Ngoja," alisema. "Niende tena. Safari hii bila kutanguliza barua."

Alikwenda asubuhi ya siku ya kazi, akiwa na kitambaa kipya mfukoni cha kumpa mwenyeji kama kisingizio. Mgeni wa ghafla huikuta nyumba haijavaa, ndivyo alivyoamini, na alipokaribia mlango uliokuwa wazi hadi ukutani alijisikia kama askari anayekwenda kukamata. Hamu hiyo ilikuwa tamu, wacha tuseme ukweli.

"Hodi!"

"Karibu," ilijibu sauti. Ilikuwa sauti nyembamba, si ya Evelina wala ya Justa, na ilitoka ndani kabisa.

Akaingia, akasimama.

Sebule haikuwa ile. Makochi yalikuwa yamerudi kwenye alama zake sakafuni, yote yakiutazama mlango wa ndani. Pazia lilikuwa limefungwa fundo na kutupwa juu ya mlango. Kupitia hapo alionekana mwanamke kitandani, ameegemezwa mito, amekonda hata mifupa ya mabega ilisukuma khanga. Kitanda hakikuwa kimewekwa ukutani kama vitanda vya watu. Kiliwekwa katikati ya chumba, mguuni kwake kukawa mlango, mbele ya mlango sebule, na mbele ya sebule mlango wa nje na barabara na malori yanayokwenda kivukoni. Kitambaa cha maua ya njano kilikuwa kimehamishwa. Sasa kilikuwa chumbani kwake, juu ya dirisha, kuzuia jua lisimpige machoni. Redio ilikuwa imezimwa. Na pale palipokuwa kalenda palikuwa na picha, kubwa, ya yuleyule mwanamke akiwa mnene na mwenye kucheka, amevaa sare ya kwaya.

"Shikamoo, mama," alisema mgonjwa.

"Marahaba," alijibu Wilhelmina, na hakuisikia sauti yake mwenyewe.

"Kaa kile cha katikati. Ndicho ninachokiona vizuri. Ukikaa pembeni nitaona goti tu."

Akakaa cha katikati. Aliikagua sebule kwa mara ya pili, kwa mazoea, na ikamjia taratibu kwamba hajawahi kuona chumba kilichopangwa kwa ufundi namna ile. Kila kitu kilikuwa kimewekwa kwa kipimo cha jicho moja. Stuli ilisukumwa kando isizuie barabara. Kabati lilihamishwa hadi kona yenye giza, mahali ambapo yeye asingelipeleka kabati hata kwa kulipwa, ili kioo chake kisimulike kitandani. Aliyekaa kula alikula naye. Aliyecheka alicheka akimtazama. Chumba kilikuwa na joto, na joto hilo halikutoka kwenye rangi.

"Wewe ndiye shangazi," mgonjwa alisema. "Mimi Sabina, dada yake Justa. Siku ile nilikusikia. Una sauti ya kukagua." Akakohoa muda mrefu. Wilhelmina alikijua kikohozi kile. "Usimlaumu mama. Ni mimi niliyewaambia wageuze viti. Nilisema mdogo wangu asikose mume kwa sababu ya kifua changu. Mama alikuwa anageuza viti huku analia, mpaka baba akamaliza mwenyewe. Mimi mchana ule sikuona kitu. Niliwasikia tu mkinywa soda."

Evelina aliingia na fungu la mchicha, akamwona mgeni, mchicha ukamdondoka. Hakukimbilia pazia. Alisimama tu, mikono imelegea.

Wilhelmina alikuwa na hasira zake tayari, amezitunza tangu siku ya kwanza, akazitoa kwa sababu hakujua la kufanya nazo. "Mama Sabina, mlitufichia mgonjwa."

"Tulificha," Evelina alisema. "Unisamehe. Watu wameacha kunywa maji nyumbani kwetu. Wanasema kakanyaga waya, ana ugonjwa huu wa siku hizi. Ningekuonyesha mgonjwa, ungeonja wali wangu?" Akainama kuokota mchicha, akaongea akiwa ameinama. "Na sikuwa na ujuzi huo wa kuficha, mama. Ni wewe uliyenifundisha. Nilisimama mezani kwako Nyegezi. Nilikuuliza mtu afanyeje akiwa na mlango usiofaa kuonwa na wageni. Ukanieleza vizuri kabisa, mpaka redio. Nikakununulia na kitambaa. Sikujua kama wewe ndiye shangazi. Ulivyoingia siku ile nilitaka ardhi ipasuke."

Wilhelmina alikitazama kitambaa cha maua ya njano juu ya dirisha.

"Nilirudi njia nzima nikijiuliza," Evelina aliendelea, na hakukuwa na sumu katika maneno yake, alikuwa anauliza tu. "Huyu mama amejulia wapi mambo haya, hadi ya redio?"

Alijulia nyumbani. Alijulia mwaka ule Odeta aliporudi kutoka mialoni alikokuwa akinunua dagaa, amebaki macho tu, na wateja wa vitambaa wakawa wanapita sebuleni kila siku. Ndipo liliponunuliwa pazia la damu ya mzee. Ndipo makochi yalipogeuzwa na redio kuwekwa kando ya mlango. Alimwosha mwanawe, alimlisha, alimgeuza usiku na mchana, hakuna anayeweza kumnyooshea kidole kwa hilo. Lakini mtoto alilala akiangalia kitambaa chekundu. Siku za mwanzo, kila hodi ilipopigwa, aliuliza kutoka nyuma ya pazia, "Mama, nani amekuja?" Na mama yake alimjibu kwa mnong'ono, "Nyamaza, mwanangu, wageni." Baadaye akawa haulizi. Wilhelmina alijiambia kwamba amezoea.

Alilia pale pale, kwenye kiti cha katikati, mbele ya watu aliokuja kuwakamata. Sabina alimtazama kwa raha ya mtu aliyepata mgeni wa kumtazama. "Lia tu, mama," alisema. "Hapa hakuna anayeona haya." Evelina alikwenda kuchukua maji. Alipoyaleta alisita kidogo, glasi mkononi. Wilhelmina akaichukua na kunywa yote, kisha akaomba nyingine.

Alikaa hadi mchana. Walitazama malori. Sabina aliyajua kwa honi.

Siku iliyofuata Chenge alikuja Mkolani kupokea neno la mwisho. Alipofika mlangoni alidhani amekosea nyumba. Makochi ya mninga yalikuwa yamegeuka, yanampa kisogo badala ya kumtazama usoni. Picha ya theluji ilikuwa imelazwa chini. Pazia la damu ya mzee halikuwepo. Lilikuwa limekunjwa juu ya ndoo, na nyuma ya lilipokuwa, chumba kilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa shuka safi, juu yake imeegemezwa picha ya Odeta akiwa na ndoo ya dagaa, amekunja uso kwa sababu ya jua.

"Dada, kuna nini?"

"Binti aje," Wilhelmina alisema. Alikuwa anafagia. "Nenda ukatoe ng'ombe."

"Na kile ulichokishuku?"

"Kipo. Ni mgonjwa. Dada wa binti."

Chenge alishusha sauti, ingawa walikuwa peke yao. "Mgonjwa wa nini?"

"Wa ugonjwa ule ule uliokufanya usivuke pazia langu mwaka ule. Ulikuja mara ngapi, Chenge? Ulikaa hapo ukanywa chai yangu, mwanangu anakusikia. Hukumwita, na mimi sikukwambia umwite." Aliegemeza ufagio ukutani. Hakuwa amepandisha sauti. "Kule kwao viti vyote vinamtazama mgonjwa. Nimekwenda kutafuta aibu ya watu, nimeikuta yangu. Venant akiugua kesho, nataka augue mikononi mwa watu wale, sio mikononi mwetu."

Kaka yake alivua kofia. Akatazama makochi, asijue pa kukaa katika sebule aliyoizoea, akaelekea lile la pembeni, karibu na mlango wa nje.

"Kaa cha katikati," Wilhelmina alimwambia. "Ndicho ambacho angekiona vizuri."